"Literally" ya kutia chumvi si ya juzi

Unalalamika kwamba neno la Kiingereza "literally" ("kihalisi, kama lilivyo") siku hizi linatumiwa kutia chumvi tu, na kwamba vijana wa mitandaoni ndio walioanzisha mtindo huo. Hapana, si wao. Mtu kusema "I literally died" ("nilikufa kihalisi") huku yu hai na anacheka ni mtindo wenye zaidi ya miaka 250: kamusi kubwa ya Oxford ina mfano wake wa mwaka 1769, na Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi wa Marekani, waliiingiza maana hiyo kwenye kamusi yao ya 1909. Maneno yenye maana ya "kweli" huelekea huko. Hata "very" ("sana") ilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "-a kweli", leo ni la kukazia tu. Nasi husema "amekasirika kweli kweli" bila kuthibitisha lolote.

Ila kukera kunakera, hapo niko nawe. Likirudiwa kila sentensi, halikazii tena chochote. Na kwenye ripoti au ushahidi liepukwe kabisa kwa maana hii, maana hapo msikilizaji ana haki ya kulichukua neno kama lilivyo, na akikosea kuelewa madhara yake ni makubwa.