Vigae vya sentimita 60 kwa 120 juu ya skridi: mambo ya kukagua kabla fundi hajaanza

Ndugu yangu, umesema kwamba nyumba yako iko Ruai, kwamba skridi, yaani tabaka la mchanga na saruji la kusawazisha juu ya zege, ilimwagwa wiki tatu zilizopita, kwamba vigae vya poseleni vya sentimita 60 kwa 120 umekwisha kuvinunua, na kwamba fundi wako anataka kuanza Jumatatu kwa mchanga na saruji, huku akimwaga uji wa saruji juu yake, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Unauliza kama umruhusu. Jibu langu ni kwamba usimruhusu bado, na atakapoanza asitumie mchanga na saruji. Kazi ya vigae nimeifanya hapa Nairobi kwa miaka 14, na haya ninayokuandikia nimeyashika kwa mikono yangu.

Fundi wako si mtu wa kubeza. Njia yake ilifaa kabisa kwa vile vigae vya kauri vya sentimita 30 kwa 30, ambavyo mgongo wake hunywa maji. Uji wa saruji hupenya katika vitundu vya kigae cha namna hiyo, ukakaukia humo na kukishika. Poseleni ni jambo jingine, kwa sababu hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na kwa hiyo uji wa saruji haupati pa kuingia. Hukauka tu juu ya mgongo wa kigae, kama unga wa uji uliosahauliwa kwenye bilauri, na ukiupitishia ukucha hubanduka. Gundi ya vigae iliyotiwa polima, yaani kemikali ya jamii ya plastiki inayonata, ndiyo inayoshika mahali ambapo saruji pekee haiwezi. Angalia kwenye mfuko kama imeandikwa C2. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 12004, gundi ya C2 lazima ihimili mvuto wa angalau nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba, ilhali ile ya C1 hutakiwa kuhimili nusu ya hapo. Kwa kigae kimoja chenye uzito wa karibu kilo 15, mimi sikubali kushuka chini ya C2.

Hata hivyo gundi nzuri haitoshi, na hilo nilijifunza kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa tatu kazini tulitandika vigae kwenye nyumba moja huko Donholm, yenye ukumbi mrefu wa kama mita saba. Mkandarasi alikuwa na haraka, skridi haikuwa imekauka, na kwa kuwa sakafu ilikuwa na mabonde, tuliambiwa tuweke matonge matano ya gundi chini ya kila kigae, manne pembeni na moja katikati, kisha tukigonge mpaka kilingane na mwenzake. Tulibana vigae hadi ukutani bila kuacha nafasi yoyote. Baada ya miezi minane mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu, alitupigia simu akisema kwamba alasiri amesikia mlio kama wa mlango uliobamizwa. Tulipofika tulikuta vigae viwili vimeinuka na kuegemeana kama paa la kibanda. Nilikiinua kimoja bila nguvu yoyote. Mgongo wake ulikuwa msafi, mistari ya kiwandani inaonekana yote, na matonge yetu yalikuwa yamebaki sakafuni na vichwa laini vinavyong'aa. Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, hapa mlibandika nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tulirudia ukumbi mzima.

Kilichotokea pale kina maelezo yake. Skridi ya saruji hupungua kadiri inavyokauka, takriban nusu milimita kwa kila mita, ilhali poseleni haipungui. Vigae vikiwa vimebanwa kati ya kuta mbili, sakafu iliyo chini yake inapungua na vyenyewe havina pa kwenda, hivyo mkazo hujilimbikiza mpaka mahali penye mshiko dhaifu paachie. Ndiyo maana wiki tatu hazikutoshi. Kanuni tunayoifuata ni kusubiri angalau siku 28, na kwa ukaukaji huhesabiwa takriban siku moja kwa kila milimita ya unene, kwa skridi isiyozidi milimita 40. Ikiwa nene zaidi, muda huongezeka kwa kasi kuliko unene. Hesabu hiyo huanza baada ya kuacha kuimwagilia maji, na katika baridi ya Juni hadi Agosti, au wakati wa masika madirisha yakiwa bado hayajawekwa vioo, mimi huongeza wiki mbili bila kubishana na mtu.

Usikisie unyevu. Chukua karatasi ya nailoni angavu ya mita moja kwa moja, ilaze sakafuni, uibandike kingo zote kwa utepe, uiache usiku kucha mpaka saa 24 zitimie. Ukikuta matone upande wa chini, au saruji iliyofunikwa imekuwa nyeusi kuliko ile ya pembeni, subiri. Rudia katika vyumba viwili au vitatu, hasa chumba kisichopata jua.

Wakati unasubiri, ikague skridi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za Nairobi huharibikia. Gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Mahali palipo imara hutoa mlio mfupi mkavu. Mahali palipoachana na zege la chini hutoa mlio wa debe tupu. Pazungushie chaki, patindue, pasafishwe na kumwagwa upya, hata kama ni eneo la mita mbili za mraba na fundi anakuambia kwamba vigae vitapabana. Havibani kitu. Halafu kwaruza kwa msumari katika mistari inayokatana. Ukipata vumbi jingi na mfereji mrefu, basi uso wa skridi ni dhaifu, ama kwa sababu mchanga ulikuwa na tope, ama maji yalizidi, ama haikumwagiliwa ikapigwa na jua la mchana. Uso wa namna hiyo, pamoja na ule utando laini wa niru, yaani saruji tupu iliyopakwa juu na kulainishwa, unaopendwa kwa kuwa unang'aa, ni lazima usagwe kwa mashine au kwa jiwe la kusugulia mpaka chembe za mchanga zionekane, kisha ufagiliwe na kupakwa dawa ya kuandalia uso. Gundi hushikamana na kile inachogusa; ikigusa vumbi, itashikamana na vumbi.

Sasa usawa. Tafuta bapa la alumini la mita mbili, lisilopinda, na ulilaze sakafuni kwa kila upande, ukiwa umechuchumaa ili uone mwanga unaopita chini yake. Pengo lisizidi milimita 3 popote. Kigae kidogo hufuata mabonde ya sakafu kidogo kidogo, na jicho halioni. Kigae cha urefu wa sentimita 120 huvuka bonde kama daraja, na kikikosa kitu chini yake, mguu wa kabati au sufuria itakayoanguka itakipasua. Vilima visagwe, mabonde yajazwe kwa saruji maalumu ya kujisawazisha au kwa mota ya kurekebishia, siku kadhaa kabla ya vigae. Kamwe usikubali bonde lijazwe kwa gundi siku ya kutandika, kwa maana gundi nene hunywea inapokauka na kukivuta kigae chini, na kigae ulichokiacha kimelingana jioni utakikuta kimezama kesho yake.

Ikiwa kiwanja chako kina udongo mweusi wa mfinyanzi, kama kilivyo sehemu kubwa ya upande huo wa mji, kagua pia nyufa. Ufa mwembamba usiosogea ni wa skridi kupungua, na unaweza kuzibwa. Ufa ambao upande mmoja uko juu kuliko mwingine unatoka kwenye msingi, na hakuna kigae kitakachouficha. Hapo uite mhandisi kwanza.

Kuhusu kutandika nitasema yale tu ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyasimamia. Fundi atumie mwiko wa meno wa milimita 10 au 12. Gundi ipakwe sakafuni na ichanwe kwa mistari iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja na kufuata upana wa kigae, kisha tabaka jembamba lipakwe pia mgongoni mwa kigae kwa upande bapa wa mwiko. Kigae kikishalazwa, kisukumwe mbele na nyuma kwa kukatisha mistari ile, ili ilale na hewa itoke. Mistari ya duara, ambayo mafundi wengi huipenda, hufungia hewa ndani. Atandaze gundi ya kigae kimoja au viwili tu kwa wakati mmoja, na aiguse kwa kidole kabla ya kulaza: isipochafua kidole, imeshaota ngozi, naye aikwangue na kupaka mpya. Kuongeza maji kwenye ndoo iliyoanza kuganda kusiruhusiwe hata mara moja.

Mwombe akiinue kigae cha kwanza mara tu anapokilaza, halafu kimoja katika kila kumi. Mgongo uwe umefunikwa walau asilimia 80 vyumbani na 95 bafuni na jikoni, pembe zote nne zikiwamo. Fundi anayekataa kukuonyesha mgongo wa kigae amekwisha kukujibu. Kwa utaratibu huu mfuko wa kilo 20 kwangu humaliza mita tatu za mraba hivi, kwa hiyo nunua gundi kwa hesabu hiyo, na usimlaumu fundi kwamba anaila.

Usipange vigae kwa mtindo wa tofali, nusu kwa nusu. Chukua viwili, vikutanishe uso kwa uso, uone jinsi vinavyocheza katikati: vigae virefu huwa na mpindo mdogo, na nusu kwa nusu huweka mahali palipoinuka pa kimoja kando ya ncha zilizoshuka za mwenzake, ukajikwaa kila siku. Theluthi moja inatosha, au uvipange sambamba. Vile vibano vya plastiki na kabari husaidia kulinganisha kingo, lakini havinyooshi skridi mbovu. Acha mwanya usiopungua milimita 2 kati ya vigae, na wa milimita 5 kando ya kuta zote; huu wa ukutani utafunikwa na ukingo wa chini wa ukuta, na usijazwe saruji. Sebule ikiungana na ukumbi ikazidi mita nane au kumi, weka humo ungio laini la silikoni.

Baada ya saa 24 mianya inaweza kujazwa, ikiwa gundi imeshika, na samani nzito zikae nje kwa wiki moja. Kwa sasa, bandika nailoni leo jioni, uazime bapa la alumini, na ukishapata pengo kubwa kuliko yote weka hapa picha yake pamoja na kipimo, nami nitakuambia kama panajazwa au panatinduliwa.