Mteja kanirushia nguo usoni, na ustadh anasema hiyo ndio daraja niliyopangiwa na Allah

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni msichana wa miaka 24, nauza duka la madera na mabuibui kwenye mol moja hapa Eastleigh. Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja na dera alilonunua kwetu siku nne nyuma, anataka pesa zake. Risiti hana, na dera lenyewe lishavaliwa, lanukia udi na mkononi lina doa la mchuzi. Nikamwambia kwa heshima mamangu hili siwezi kulipokea. Akanirushia likaniangukia usoni, akasema mbele ya watu ati mimi ni mtumwa wa kaunta, mshahara wangu haununui hata kiatu chake. Hapo nikashindwa, nikamjibu "wewe umeenda nalo harusini ukala nalo biriani, na mwili huo ulivyo hata halikukutosha". Bosi akaja akanilazimisha niombe msamaha, nikaomba huku nalia. Mwisho akabadilishiwa lingine la bei ya juu akaongeza pesa, chenji ikabaki 150, akanisukumia kwa kidole kimoja akasema kaa nayo ununue sabuni. Usiku huo nikamuapiza kwenye sijda. Darasani nikamuuliza ustadh wetu, akasema nisubiri tu, mteja ni mfalme, na Allah mwenyewe kasema amewanyanyua baadhi ya watu juu ya wengine ili wawatumikishe, kwa hivyo kubishana na mteja ni kukataa mgao wa Allah. Ni kweli sheikh? Nilipata dhambi kumjibu? Ule msamaha si uongo? Na ile 150 iko kwa droo mpaka leo, naogopa kuila.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na si huyo mama aliyeninyima usingizi, wa aina yake tunao wengi, twaswali nao na twala nao harusini. Kilichonikosesha usingizi ni hilo jibu ulilopewa darasani, manake tusi la mteja laisha jioni ukifunga duka, lakini ukiambiwa tusi lenyewe limetoka kwa Mola wako utalilia mpaka lini?

Tuanze na hiyo aya basi. Iko Surat Az-Zukhruf, aya ya 32, na ustadh wako kaikata mkia na kichwa, kabaki na tumbo. Rudi aya moja nyuma, ya 31, utaona ilikuja kumjibu nani. Makureshi walisema mbona hii Qur'ani haikuteremshiwa mtu mkubwa katika hii miji miwili, yani Maka na Taif. Walikuwa wanapima watu kwa mali, huyu Muhammad yatima aliyechunga mbuzi za watu kwa ujira atapewaje cheo kikubwa hivyo na wenye ngamia na mashamba wako? Ndipo Allah akawajibu: kwani wao ndio wanaogawa rehema ya Mola wako? Sisi ndio tuliogawanya maisha yao, tukawanyanyua baadhi juu ya wengine daraja ili wafanyiane kazi, "na rehema ya Mola wako ni bora kuliko hivyo wanavyovikusanya". Hayo maneno ya mwisho ndio mkia uliokatwa. Sasa niambie, aya iliyoshuka kuwakemea wanaopima watu kwa mfuko, leo inasomwa kumfunga mdomo msichana wa kaunta mbele ya mwenye mfuko! Na soma aya tatu zinazofuata uone, Allah anasema lau si kuchelea watu wote kuwa umma mmoja wa ukafiri basi wanaomkufuru Yeye angewafanyia nyumba zao mapaa ya fedha na ngazi za kupandia, na milango, na vitanda, na mapambo. Yani mali kwake ni kitu chepesi kiasi hicho. Ndio kiatu cha huyo mama kimpe cheo juu yako?

Halafu kuna lile neno lenyewe la Kiarabu la kufanyiana kazi, sukhriyyan, kwa dhamma yani mwanzo "su". Wanachuoni wa tafsiri wamelieleza, ni kutumikiana, huyu ana pesa na yule ana nguvu au ujuzi, kila mmoja amhitaji mwenzake na dunia yaenda. Kuna neno ndugu yake, sikhriyyan kwa kasra yani mwanzo "si", hilo ndilo la kejeli na maskhara, na utalikuta Surat Al-Mu'minun aya ya 110 likitajwa kwa watu wa motoni waliokuwa wakiwafanyia waja wa Allah stihizai. Irabu moja tu binti yangu. Ustadh wako kasoma dhamma akafasiri kasra. Sisemi kakusudia, pengine kaskia kwa mtu naye kaskia kwa mtu, lakini mwenye kubeba aya aibebe yote ama aiwache.

Na ukitaka hesabu ya huko kutumikiana, siku ile nani alimhitaji nani? Yeye ndiye aliyepanda ngazi za hiyo mol na dera mkononi, wewe ulikuwa umesimama na kazi yako. Kwa pesa kakupita, sawa. Kwa kuijua bidhaa na kwa kauli ya kumrudishia au kutomrudishia wewe ndiye uliyekuwa juu yake. Hiyo ndio maana ya baadhi juu ya baadhi, inazunguka.

Hili la "mteja ni mfalme" nalo lisitusumbue, si hadithi wala si kauli iliyopokewa kwa swahaba. Ni kauli ya wafanyabiashara, ndugu yake ni ile inayonasibishwa na wenye maduka makubwa kama Marshall Field wa Chicago na Harry Gordon Selfridge aliyefungua duka lake London 1909, wao kauli yao ilikuwa mteja huwa yuko sawa, na makusudio ilikuwa muuzaji asimkatalie mtu malalamiko yake bila kuyaskiza. Kama sera ya duka haina ubaya. Lakini mtu akaitoa huko akaivisha kanzu akaipandisha mimbari, hapo hapana. Mfalme ni Allah, mteja ni mnunuzi. Tena Mtume swallallahu alayhi wasallam kamuweka mnunuzi na muuzaji kwenye dua moja, imepokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir, Allah amrehemu mtu aliye mpole anapouza, na anaponunua, na anapodai haki yake. Mara tatu. Sisi tumeshika ile ya kwanza tukaibandika ukutani kwa wafanyakazi, hizo mbili zilizobaki nani amewahi kuziskia kwenye khutba?

Najua atakayenijibu atakuja na hadithi ya yule bwana aliyemdai Mtume ngamia akamdai kwa ukali, maswahaba wakataka kumshika, Mtume akasema mwacheni, mwenye haki ana la kusema. Hadithi sahihi kabisa. Lakini yule alikuwa anadai haki, ngamia wake wa kweli, na Mtume akaamrisha alipwe aliye bora kuliko wake. Huyu mama alikuwa anadai haki gani, dera la kuvaliwa bila risiti? Na uvumilivu wa Mtume ni sifa ya Mtume, haukuwa leseni ya watu kumtolea ukali. Wale wanaoisoma hii hadithi kwa wafanyakazi wangeisoma kwa wateja ningeelewa.

Kuhusu kurudisha nguo nisipite bila kusema, manake wenye maduka nao wana makosa yao. Ile karatasi mnayobandika, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa sheria ya dini haifuti haki ya mnunuzi aliyekuta kasoro ya tangu dukani, mshono umefunguka ama rangi yachuja, huyo arudishiwe hata kama karatasi imebandikwa kila ukuta. Lakini kasoro iliyoingia mkononi mwake, udi na mchuzi, hiyo ni yake. Mwenye duka akipokea kwa hisani ana thawabu, kakubali kuvunja biashara na mwenzake, lakini hisani hailazimishwi kwa kurusha nguo.

Sasa kumjibu kwako. Allah anasema Surat Ash-Shura kwamba anayejitetea baada ya kudhulumiwa hakuna njia ya kumlaumu. Na Imam Muslim kapokea kwenye hadithi kwamba watu wawili wakitukanana dhambi ya waliyoyasema iko kwa aliyeanza, maadamu aliyedhulumiwa hajavuka mpaka. Kwa hivyo nusu ya kwanza ya jibu lako, kwamba alienda nalo harusini, huna dhambi, ulisema uliyoyaona, ijapokuwa hiyo biriani hukuwa na ushahidi nayo, huenda ilikuwa pilau (nakutania kidogo upoe). Lakini nusu ya pili, ule mwili, hapo ulivuka. Mwili ni umbo la Allah, hakuuchagua yeye. Aya ya Surat Al-Hujurat iliwataja wanawake kwa jina kabisa, wala wanawake wasiwadharau wanawake wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao. Aya hiyo ni yake kwanza, yeye ndiye aliyeanza kudharau, lakini neno lako moja limekutia nawe ndani yake. Omba maghfira kwa hilo moja, usijibebeshe mengine.

Ule msamaha si uongo. Unayo ya kuombea msamaha kweli, ndilo hilo la mwili, kwa hivyo nia yako iweke hapo na ulimi wako umesema kweli. Ungelazimishwa kukiri kwamba duka lilimuuzia nguo mbovu hapo ningesema kitu kingine.

Na sijui kama yafaa niseme hili lakini nitalisema. Kuna usiku mmoja nimetoka msikitini baada ya isha nikaingia hoteli ya chai mjini, simu iko sikioni napanga na mwenzangu mada ya khutba, na mada ilikuwa adabu, subhanallah. Kijana akaniletea chai, juu ina utando wa maziwa umejikunja pembeni ya kikombe. Nikaisukuma kwa nyuma ya mkono, simtazami, sisemi neno, naendelea na adabu yangu kwa simu. Akasema samahani sheikh, akaichukua akaleta nyengine. Ijumaa nikaenda msikiti wa Jamia pale Banda Street, nimechelewa, nimepata nafasi uwanjani, imamu akapiga takbira, nilipoenda sijda ndio nikamjua aliye mbele yangu. Ni yule kijana. Visigino vyake vimepasuka, kimoja kina plasta, na mimi paji langu liko chini nyuma ya visigino vyake. Nilimsubiri mlangoni nikamuomba msamaha, yeye wala hakumbuki, akaniambia sheikh hiyo ya chai tu, kwani kuna wanaotumwagia. Sikuweza kumjibu. Kiburi Mtume kakieleza ni kuikataa haki na kuwadharau watu, na mimi kile kikombe nilikisukuma bila hata kutukana. Kwa hivyo yule mama simnyanyui mkono sana, tuko wengi kwenye hilo shimo, tofauti yake na mimi yeye alipiga kelele.

Nakuuliza nawe basi, huyo mama anayepiga deki hapo mol yenu asubuhi, wamjua jina? Makanga akikuitisha nauli mara ya pili huwa wamjibuje? Sikutuhumu, najiuliza na mimi.

Dua uliyomuapizia, aliyedhulumiwa dua yake haina pazia baina yake na Allah, kwa hivyo haki ya kuomba unayo. Ila kuwa na wasiwasi na silaha kali kiasi hicho. Kama uliomba Allah akurudishie haki yako, iwache hapo hapo ilipo. Kama uliomba wanawe wapatwe na nini na nini, ifute kwa kumuombea hidaya, watoto hawakurusha dera. Na kusamehe ni bora, ndio, Qur'ani imesema kwenye hiyo hiyo Ash-Shura, lakini kusamehe ni mali yako wewe, utatoa ukitaka, mwaka huu ama mwakani. Hakuna bosi wala ustadh mwenye ruhusa ya kuutoa mfukoni mwako kwa niaba yako.

Bosi wako sasa. Abu Dharr radhiyallahu anhu alimtukana mtu kwa mamake, Mtume akamwambia wewe bado una ujahilia (tabia za kabla ya Uislamu) ndani yako, hao watumishi ni ndugu zenu Allah kawaweka chini ya mikono yenu. Ukiwekwa chini ya mkono wa mtu maana yake akukinge kwa huo mkono. Angeweza kumwambia yule mama tutakusaidia mama yangu lakini nguo hairushwi hapa, pesa angepata vile vile. Hata katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 28 inasema kila mtu ana heshima yake ya kiutu na ana haki iheshimiwe na ilindwe, haikusema isipokuwa aliye nyuma ya kaunta. Mwambie siku ametulia, si mbele ya wateja, mwambie hivi, siku nyengine nikirushiwa kitu nitakuita wewe umhudumie huyo mteja na mimi nitasogea pembeni. Ni neno la adabu na halikatai kazi. Akiona uzito wa kulijibu mpe nambari yangu, nitakunywa naye chai. Nitaichukua hata ikiwa na utando.

Na hiyo 150 mama yangu ni halali yako tupu. Kaitoa kwa mkono wake, na udhia aliouambatanisha nayo umeharibu thawabu yake yeye, ndio Allah alivyosema Surat Al-Baqara, msizibatilishe sadaka zenu kwa masimbulizi na udhia, haukuharibu pesa. Droo ya bosi usiifanye benki, jioni wakipiga hesabu itakuja kuonekana ni pesa imezidi na hapo utaulizwa maswali mengine. Itoe leo. Ya sabuni usinunue.