Ukungu kwenye ukurasa wa wavuti: uwe nyuma ya maandishi, usiwe juu yake

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kutengeneza tovuti ni hili: nimetia ukungu kwenye picha ya nyuma, mbona na maandishi nayo yamefifia? Ukifungua msimbo wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, unakuta filter: blur(8px) imewekwa kwenye kisanduku kizima, chenye picha, kichwa cha habari na kitufe cha kuweka nafasi. Filter haichagui. Ukiiweka kwa mama, yaani elementi inayobeba nyingine ndani yake, watoto wote wanaingia ukunguni, na hata ukimwandikia mtoto filter: none hatoki humo. Kivinjari huchora kwanza kisanduku na vyote vilivyomo kama picha moja, ndipo kinapoitia ukungu.

Kwa hiyo itenge picha. Iweke kwenye ::before, yaani tabaka la ziada ambalo CSS huliongeza ndani ya kisanduku, au kwenye elementi yake peke yake, maandishi yakae tabaka la juu. Ukishafanya hivyo utaona kingo za picha zimefifia na rangi ya chini inachungulia, kwa sababu pikseli za ukingoni zimechanganywa na utupu ulio nje ya picha. Ikuze kidogo kwa transform: scale(1.1), halafu mama mpe overflow: hidden. Basi.

Kama unachotaka ni ile kadi ya kioo ambayo wateja wengi wanaipenda siku hizi, sifa yake ni nyingine:

.kadi {
  background: rgba(255, 255, 255, 0.8);
  -webkit-backdrop-filter: blur(10px);
  backdrop-filter: blur(10px);
}

Sifa hii, backdrop-filter, hutia ukungu kile kilicho nyuma ya kadi na kuyaacha maandishi yake kama yalivyo. Firefox iliipokea mwaka 2022, toleo la 103. Safari ilidai ule mstari wa -webkit- hadi toleo la 18 la mwaka 2024, na simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu, kwa hiyo mimi siufuti.

Tazama hiyo 0.8, yaani uzito wa rangi nyeupe ya kadi, kwa makini, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nilikuwa natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni huko Paje, na picha yao kubwa ni ya ufukwe: mchanga mweupe upande mmoja, minazi yenye kivuli kizito upande wa pili. Kadi ya bei ilikaa katikati. Ukungu ulilainisha michirizi ya makuti vizuri kabisa, lakini penye weupe pakabaki peupe na penye giza pakabaki giza, kwa sababu kazi ya ukungu ni kuchanganya rangi za jirani tu. Maandishi meusi yalisomeka vyema juu ya mchanga na kuzama juu ya minazi. Kilichoyaokoa ni rangi ya kadi yenyewe. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, nami naipima pale picha inapokuwa na giza zaidi. Ikikataa, naongeza uzito wa rangi ya kadi hata kama kioo kitapungua. Mgeni amekuja kusoma bei.

Kuna mtego mwingine kwenye menyu ya juu inayobaki pale ukurasa unaposogezwa. Ukiipa backdrop-filter, chochote kilicho ndani yake chenye position: fixed kinaanza kujipima kwa menyu hiyo badala ya skrini. Ile menyu ya pembeni iliyotakiwa kujaza simu nzima inabanwa kwenye ukanda mwembamba juu, na watu wanahangaika kutafuta kosa kwenye JavaScript. Hamishia ukungu kwenye ::before ya menyu na tatizo linakwisha.

Ijaribu kwenye simu ya bei nafuu, ile ambayo wasomaji wako wengi wanayo. Kila ukurasa unaposogea, kivinjari kinapiga hesabu ya ukungu upya. Sehemu moja au mbili ndogo hazina neno. Orodha ya kadi ishirini za kioo itakwamakwama. Na usihuishe kiasi cha ukungu kutoka 0 hadi 20px. Andaa nakala iliyokwisha kutiwa ukungu, kisha uifunue taratibu kwa opacity.

Matumizi ninayoyakataa kabisa ni ukungu wa kuficha siri: namba ya NIDA, namba ya simu, salio la mtu. Maandishi hayo yamo ndani ya HTML yote kamili. Mtu anaweza kuyanakili, na kisoma skrini kitayasoma kwa sauti mbele ya waliopo. Picha ya kitambulisho nayo imeshapakuliwa ikiwa safi kabla haijatiwa ukungu. Mteja akiomba hivyo, ninafungua zana za kivinjari mbele yake, ninaondoa tiki kwenye ule mstari mmoja, naye anaona namba zote zikiwa wazi. Baada ya hapo tunakaa na anayeshughulikia seva, tukubaliane itume tarakimu nne za mwisho tu, na zilizobaki zisitoke huko kabisa.