Virusi vya saratani ya damu ya panya: ni vinne au ni ukoo mmoja?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Mwanafunzi wangu amekuta kitabuni majina manne ya virusi vinavyowaletea panya saratani ya damu, yaani Gross, Friend, Moloney na Rauscher, akaniuliza kama ni virusi mbalimbali au ni kimoja chenye majina manne, na nini hutokea panya mmoja akiwa na viwili. Naomba pia kujua kama panya wa majumbani mwetu wanaweza kutuambukiza.
Mwalimu, Ngamiani

JIBU: Mwalimu, kila kimoja kilipatikana kwa njia yake, lakini vyote ni ukoo mmoja. Ludwik Gross alionyesha cha kwanza mjini New York mwaka 1951, alipowadunga panya wachanga maji ya viungo vya panya wagonjwa, yakiwa yameondolewa seli zote. Charlotte Friend alitangaza chake mwaka 1957, Moloney mwaka 1960 na Rauscher mwaka 1962. Vyote hunakili jeni zao za RNA kuwa DNA na kuipachika katika kromosomu za seli. Kimeng'enya cha kazi hiyo David Baltimore alikigundua mwaka 1970 akitumia kirusi cha Rauscher.

Swali la virusi viwili ndani ya panya mmoja ndilo lenye uzito, kwa sababu mara nyingi maradhi makali hutokana na kukutana kwao. Chukua panya wa maabara wa jamii ya AKR. Wamerithi kwa wazazi wao jeni za kirusi zilizokwisha kujipachika katika kromosomu, na kirusi hicho huonekana mwilini mwao tangu utotoni, lakini saratani huwapata baada ya miezi mingi. Mwaka 1977 Janet Hartley na wenzake walieleza kwamba katika thaimasi, tezi iliyo kifuani, huzuka virusi vipya, ambavyo jeni ya ganda lao imechanganyika na ile ya mabaki mengine ya virusi yaliyorithiwa. Machotara hao huingia kwenye seli kupitia kipokezi kingine (kipokezi ni protini ya juu ya seli ambayo kirusi hushika kama mlango), na ndio wanaohusishwa na kuzuka kwa ugonjwa.

Kirusi cha Friend nacho, kwa kweli, ni viwili. Kimoja ni kamili. Cha pili, kinachovimbisha bandama, kimepungukiwa na jeni, hivyo hakiwezi kujitengenezea ganda la kusafiria. Ni kama jahazi lisilo na tanga linalovutwa na jingine: kirusi kamili hukipatia kile pungufu protini zake, nacho hutoka na kuambukiza seli nyingine. Hata hivyo, hicho kinachovutwa ndicho chenye madhara makubwa, kwani protini yake hushika kipokezi cha homoni ya erithropoietini na kuzifanya seli changa za damu nyekundu zizaliane bila kikomo.

Virusi hivi huzuiana pia. Seli iliyokwisha kuambukizwa huwa na vipokezi vilivyozibwa na protini za ganda la kirusi cha kwanza, na kingine kinachotumia kipokezi hicho hicho hakipati pa kuingilia. Wapo panya wa porini waliorithi jeni iitwayo Fv4, ambayo ni masalia ya kirusi cha kale, na masalia hayo huwakinga kwa njia hiyo hiyo. Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolifikiria, kwamba mabaki ya adui yamegeuka kuwa ngao.

Kuhusu panya wa Ngamiani, haijathibitishwa kwamba virusi hivi humletea binadamu saratani. Mwaka 2009 makala moja ya kisayansi ilidai kwamba jamaa yao mmoja, XMRV, alihusika na ugonjwa wa uchovu sugu, na wagonjwa wengi walishika tumaini kwamba chanzo kimepatikana. Mwaka 2011 ikabainika kwamba kirusi hicho kilizaliwa maabara, kwa kuchanganyika kwa mabaki mawili ndani ya panya waliopandikizwa uvimbe wa tezi dume, na makala ile ikafutwa. Panya wa nyumbani muwafukuze kwa sababu nyingine: mkojo wao hueneza homa ya mgunda, ambayo humpata binadamu na huweza kumuua.