Sanduku la mama liko chini ya kitanda changu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mzazi akifariki, nguo zake zigawiwe au zitunzwe?" Nimelisoma swali nikiwa nimekaa kitandani, na chini ya kitanda hicho lipo sanduku la mama yangu. Huu ni mwaka wa pili liko pale. Kwa hiyo jibu lilinijia upesi: zitunzwe, na asiye na uchungu nazo asitie mkono.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona zinavyogawiwa. Siku ya hitima, masufuria ya pilau hayajaoshwa, jamaa yetu mmoja alikwishaanza kuulizia ufunguo wa kabati. Mabuibui yakatoka, viatu vikatoka, mashuka ya kudarizi aliyoyadarizi mwenyewe yakatoka. Mtu ambaye hakukanyaga kwetu Ngamiani tangu mama alale kitandani aliondoka na magauni mawili. Nikaliburuta sanduku la kanga hadi chumba cha ndani, nikalikalia mpaka wageni walipotawanyika. Siku ile dada yangu hakusema neno. Anasema sasa, kila Ijumaa, kwa simu: "Lile sanduku vipi?"

Nitajibu habari ya kanga peke yake, maana magauni sina haja nayo. Mle ndani umo mkaja wangu, ule aliopewa mama siku nilipoolewa. Zimo kanga alizobebea wajukuu wanne, watoto wa marehemu kaka na mkewe, aliowalea kwa vitumbua vya alfajiri barazani, mmoja mgongoni, wengine wakisomea daftari pembeni ya jiko. Yule wa mwisho alimbeba mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga magotini. Watu wakamwambia, huyo mkubwa sasa, mshushe. Akawajibu, "Huyu mama yake hakuwahi kumbeba." Akaendelea kumbeba.

Na chini kabisa ya sanduku ipo kanga moja isiyo na mwenzake. Hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ilikuwa 1983. Waliouona mwaka ule wanajua. Vita na Idi Amin viliisha 1979, lakini maduka hayakurudi kuwa maduka. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, hivyo kanga ya Mombasa iliyofika Tanga ilipitishwa Horohoro kwa kificho. Halafu Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na kificho nacho kikaogopwa. Mtu akiwa na sabuni za ziada alizifukia. Kanga ya halali ilisubiriwa duka la ushirika, kila kaya doti moja.

Fununu ilitufikia jioni. Saa kumi alfajiri mama akanishika mkono tukaenda kupanga foleni. Foleni yenyewe ilikuwa ya mawe: kila mmoja ameweka lake, kisha amerudi nyumbani au amejiegemeza ukutani. Letu lilikuwa kipande cha tofali, mama akakichora msalaba kwa mkaa ili tusije tukabishana na mtu. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo mama alirudi nyumbani, nami nikaachwa nililinde tofali. Nilikuwa na miaka tisa. Wavulana wakubwa walipita wakiyasogeza mawe kwa miguu, nikaona bora nilikalie. Jua likatoka, likapanda. Mama alirudi, akaondoka, akarudi tena. Duka likafunguliwa, watu wakayasahau mawe wakasukumana, mama akanibana mbele yake nisikanyagwe. Tulifika dirishani saa saba mchana.

Siku zile hukuchagua. Ulichukua kilichokufikia. Kilichotufikia sisi ni doti nyekundu yenye pindo jeusi, jina lake "Hasidi hana sababu". Mama hakulipenda jina, maana hakuwa na ugomvi na mtu, ataonekana anamsema nani? Lakini aliisogeza puani akaivuta ile harufu ya nguo mpya, na njiani akaniambia: tukifika naikata, naipinda, upande mmoja wangu, upande mmoja wako, utajifunga sikukuu. Sijawahi kutembea barabara ya kumi na mbili kwa furaha kama mchana ule.

Usiku uleule jirani yetu wa uani alishikwa na uchungu, akajifungua humohumo chumbani. Mkunga akatoka kuomba kitambaa cha kumpokelea mtoto. Kulikuwa hakuna. Nilimwona mama akienda kuchukua mkasi. Alikata doti katikati, haikuwahi hata kupindwa, akatoka na upande wangu. Nililia mpaka nikakosa sauti. Aliporudi hakunibembeleza. Alisema tu, "Wewe una nguo mwilini. Yule hana."

Ule upande uliobaki aliuvaa miaka, akitupia begani kanga ya rangi nyingine. Mwanamke wa Tanga atanielewa ninaposema alikwenda hivyo hata shughulini, mbele za watu, wala hakujieleza. Jirani alihamia Muheza na mwanawe, hatukuonana tena.

Nimeandika yote haya nikitaka kuwaonyesha kwa nini kanga za mzazi hazigawiwi. Nimerudia kusoma, na sioni nilipoonyesha hivyo. Mama alisimama foleni tangu alfajiri, na doti mpya haikulala nzima kwake hata usiku mmoja. Mimi nimezifungia zake mwaka wa pili, hazimfuniki mtu.

Basi zigawiwe. Lakini si siku ya hitima, na si kwa mkono wa asiyemuuguza. Hasira yangu kwa yule jamaa haijaisha na sioni kwa nini iishe. Wafungue wana wa kike wa marehemu, wakiwa wamekaa pamoja, hata kama itabidi wasubiri mwaka. Mkaja usiguswe. Na kama yupo ambaye hajawa tayari, aachwe na kimoja akipendacho, asiulizwe mpaka lini.

Yule mjukuu wa mwisho, aliyebebwa hadi miguu ikagonga magoti, ana mimba ya miezi minane. Atahitaji mbeleko, na za bibi yake zipo sita nzima. Dada nimemwambia aje Ijumaa hii, ufunguo nitautoa mimi mwenyewe. Ile nyekundu sijaamua. Imelegea, haiwezi tena kubeba mtoto, pindo limepauka likawa kama majivu. Ila jina bado linasomeka.

Msomaji wenu, Tanga