Akija kupiga soga mezani pako, inuka

Juzi nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayefanya kazi Changamwe. Ana miezi mitatu kazini, na aliniandikia saa nne usiku akiwa bado ofisini, maana mwenzake humjia asubuhi "kidogo tu" na hicho kidogo huishia adhuhuri. Anauliza: nimwambieje bila kumvunjia heshima? Niliusoma mara tatu. Yangu yote yakanirudia.

Mimi kazi yangu ni kuwatolea wateja mizigo forodhani, mtu wa kliaringi kama tunavyosema hapa Mombasa. Nimeanza enzi za Simba, ule mfumo wa zamani wa kompyuta wa forodha. Kwa asiyeijua kazi hii: unakaa na ankara, bili ya shehena na orodha ya vifurushi, na kila bidhaa unaitafutia namba yake ya tarakimu 8 katika jedwali la ushuru la Afrika Mashariki. Tarakimu moja ikiteleza, bidhaa ya asilimia 10 inageuka ya asilimia 25. Na huku siku zinakwenda. Mzigo wa kubaki humu nchini una siku 4 za bure pale bandarini Kilindini, kisha ada ya stoo inaanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo ina hesabu yake ya kontena. Hii si kazi ya kufanya na sikio moja.

Ofisini kwetu palikuwa na kaka mmoja wa upande wa malori. Mtu mwema, lazima niseme hivyo. Kila siku saa tatu na nusu, muuza kahawa akipita na dele lake, kaka huyu alinunua vikombe viwili, kimoja changu. Utamfukuzaje mtu aliyekuletea kahawa? Alivuta kile kiti cha wateja, akaketi. Salamu peke yake dakika tano: wazima? Watoto? Goti la mama laendeleaje? Kisha foleni ya feri Likoni, kisha mpira, kisha nani anaoa Kisauni. Mimi nilikuwa nikiitikia "ehe, ehe" macho yakiwa kwenye kompyuta, nikiamini ataelewa. Hakuelewa. Huku kwetu mtu akikuitikia, amekukaribisha. Tumelelewa barazani, na barazani hakuna anayemwambia mwenzake muda umekwisha.

Basi Alhamisi moja nilikuwa na kontena la futi 40, vipuri mchanganyiko, mistari 37 ya bidhaa. Nilikuwa mstari wa 22 aliponiuliza kama nimealikwa harusi fulani. Nikageuka, nikamjibu, nikarudi nikaandika. Nilikuwa nimepindua tarakimu mbili. Entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ikaenda hivyo, afisa wa forodha akaizuia, na kurekebisha entri iliyokwishaingia si kufuta na kuandika upya: unaandika barua, unaeleza, unasubiri idhini. Wikendi ikapita hapo katikati. Kontena lilitoka siku ya tisa. Mteja akakataa kulipa stoo, na kwa haki yake. Mimi nikapewa barua ya onyo na nikakatwa mshahara miezi minne.

Hakuna aliyeuliza nani alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Hilo linaniuma mpaka leo. Kesho yake kaka akaja na kahawa, akaniambia, "Pole dadangu, hutokea." Nikamlipukia mbele ya ofisi nzima, maneno ambayo mamangu angeyasikia asingenipa chakula siku hiyo. Aliondoka, kikombe akakiacha mezani. Nikaitwa mwenye kiburi kwa muda mrefu, hata na watu ambao wenyewe walikuwa wakimkimbia.

Nilichokuja kukielewa baadaye ndicho ninachotaka dada huyu akisikie. Yule kaka hakuwa mvivu. Malori yake hayaingii bandarini mpaka mzigo uachiliwe, na mzigo hauachiliwi mpaka entri yangu ipite. Asubuhi yote hakuwa na la kufanya ila kunisubiri, na alinisubiria mezani pangu. Angalia mwenzako naye anasubiri nini. Mara nyingi utakuta kuna sababu.

Nilipomwomba radhi nilimwambia tu: kaka yangu, mpaka saa sita mimi niko ndani ya makaratasi, kontena likitoka wewe ndiwe wa kwanza kupigiwa simu, na saa saba tunakwenda kula mbaazi na mahamri pamoja. Alikubali papo hapo. Miaka yote ile nilikuwa nikiogopa sentensi moja.

Kwa hiyo, sema mapema, wakati bado unampenda. Usingoje moyo ujae, maana moyo uliojaa hauchagui maneno. Na wakati anakuja, inuka. Mpokee ukiwa umesimama, msalimie vizuri, mjibu habari ya goti la mama, kisha tembea naye mpaka mlangoni au mpaka kwenye birika la maji. Mtu aliyesimama hakai saa nzima. Hujamfukuza, umemsindikiza, na kusindikiza ni heshima kwetu. Mpe saa yake, saa ya kweli, na ikifika uitimize. Ukimwambia saa saba halafu usitokee, kesho atarudi saa tatu na nusu, na atakuwa na haki.

Najua unataka kupanda. Unataka siku moja leseni ya uwakala iwe na jina lako, kama nilivyotaka mimi. Leo naongoza meza ya nyaraka yenye watu sita, na nawaambia wote: heshima ya mtu haiko katika kumsikiliza huku unaharibu mzigo wa mtu mwingine. Yule mteja naye ni mtu. Alikopa kununua vile vipuri. Mumheshimu na yeye asiyekaa mezani penu.

Dada wa Changamwe, umeniambia kando ya meza yako kuna kiti cha ziada ambacho hakuna mteja anayekikalia. Jumatatu ukifika, kabla hujawasha kompyuta, kirudishe stoo.