Kabla hujanunua dawa ya ndigana, lipia kioo kwanza

Huku kwetu Malindi ng'ombe akishikwa na homa ya kupe, mtu anakimbia agroveti na swali lake la kwanza ni dawa pesa ngapi. Kipimo pesa ngapi, hakuna anayeuliza, yani kile kioo kidogo kinachopakwa damu ama maji ya tezi kikaangaliwa kwa darubini. Na mimi naona pesa za wafugaji zinapotelea hapohapo. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa upande wa Ganda, si wengi, na haya nimeyaona kwa ng'ombe wangu na wa majirani kwa hivyo nawaambia nikiwa na uhakika nayo.

Shida ni kwamba kupe haleti ugonjwa mmoja. Kuna ndigana kali, kuna ndigana baridi, kuna mkojo mwekundu, na kuna ule wa moyo kujaa maji ambao ng'ombe anaweza kuanza kuzunguka zunguka kama hajui anakoenda. Yote inaanza sawa tu, homa, hali majani, maziwa yanakatika. Lakini dawa ni tofauti kabisa! Ndigana kali inataka buparvakwoni, ndigana baridi inakubali oksitetrasaiklini, mkojo mwekundu unataka diminazini ama imidokabu. Sasa hiyo buparvakwoni ndiyo ya bei, na inapigwa kwa uzito, mililita 1 kwa kila kilo 20, yani ng'ombe wa kilo 400 anamaliza mililita 20 kwa mara moja, na pengine daktari akarudia tena baada ya siku 2 ama 3. Kioo chenyewe bei haiangalii uzito, ya ndama na ya fahali ni moja.

Mtamba wangu alipovimba tezi chini ya sikio nilimwita daktari wa mifugo na nikamwambia kabla ya sindano yoyote tuchukue kioo. Alidunga lile tezi kwa sindano, akavuta maji yake kidogo sana, akayamwaga kwenye kioo akayatandaza, halafu akakata nywele kwenye ncha ya sikio akachukua tone la damu kwenye kioo cha pili. Vikaachwa vikauke kwa hewa huku mimi nafukuza nzi, maana nzi wanailamba ile damu mpaka hakuna cha kusoma. Kule ofisini vikatiwa spiriti, vikapakwa rangi, na baadaye akaniita niangalie mwenyewe kwenye darubini: ndani ya seli mna vidoti vya buluu vimejazana kama mbegu za ufuta. Ndigana kali hiyo, hakuna ubishi. Gharama ya vioo vyote viwili haikufika hata robo ya dawa aliyodungwa, na dawa ikaingia mapema na mtamba akainuka.

Shikeni hapo kwenye tezi. Mwanzo wa ndigana kali vijidudu viko kwenye tezi, kwenye damu vinakuja baadaye. Akija mtu akachukua damu peke yake siku za mwanzo, kipimo kinaweza kusema hamna kitu na wewe umeshalipa. Kwa mkojo mwekundu ni kinyume, hapo damu ya ncha ya sikio ama ya mkia ndiyo unayoitaka. Kwa hivyo muulize kabisa, daktari unachukua nini na unatafuta nini?

Kitu kingine kinachonikera kwa kweli. Kuna maabara moja ya binafsi, jina sitaji, jirani yangu alipeleka damu ya ng'ombe mgonjwa akauziwa kipimo cha kingamwili, yani ile kinga mwili unayotengeneza ukipigana na ugonjwa, bei ya juu, na majibu yakasema ng'ombe ana ndigana. Jamani, kingamwili inaonyesha tu kwamba ng'ombe aliwahi kukutana na huo ugonjwa, pengine zamani sana. Ng'ombe aliyekulia kwenye kupe huku Pwani ukimpima hivyo mara nyingi atatoka nayo hata akiwa mzima anacheua. Kipimo hicho kina kazi yake kwa watu wa utafiti, lakini wewe mwenye ng'ombe amelala chini unataka kujua kinachomuua leo. Yule jirani alilipa pesa nyingi akajibiwa swali ambalo hakuuliza.

Kama kioo hakikutoa jibu na ng'ombe wanazidi kuanguka, hapo sasa ndio uende maabara ya serikali ya mifugo ya kanda iko Mariakani, unapita Kilifi, Mavueni, Kaloleni. Piga simu kwanza uulize bei, uulize kama hiyo bei ina majibu ya maandishi ama ni ya kuambiwa tu kwa mdomo, na wanataka sampuli ya aina gani. Damu ya kutuma inawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, kwenye barafu lakini isigande, na andika jina la ng'ombe, tarehe, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hilo la dawa usilifiche kwa sababu linabadilisha majibu.

Wengine wataniambia ng'ombe anahema kwa shida wewe unasema tungoje maabara. Hapana, sisemi hivyo. Chukua kioo, ni dakika chache, halafu dungeni palepale kile daktari anachokishuku. Kioo kikishachukuliwa hakiozi, majibu yatakuja na mtajua kama muendelee na dawa hiyo ama mbadilishe. Ubaya ni kudunga kwanza halafu kutaka kupima kesho, vijidudu vimeshapungua na darubini haioni.

Na gharama kubwa mara nyingi hata si kipimo, ni nauli ya daktari. Sisi siku hizi mmoja akimwita tunaambizana, mwenye ndama anayekohoa amlete, daktari anapima wote kwa safari moja na mafuta tunagawana. Chanjo ya ndigana kali ni vilevile, hii iliyotengenezwa Muguga kule karibu na Nairobi, ng'ombe anachanjwa mara moja tu maishani, lakini inakaa kwenye nitrojeni ya maji, ile ya baridi kali sana, na ikishatolewa haingoji kesho, kwa hivyo daktari hawezi kuifungua kwa ng'ombe mmoja. Ukiwa na ng'ombe Ganda ama Goshi nenda kwa afisa wa mifugo wa wadi yako umwambie mko wangapi na mna mifugo mingapi, apange siku moja.